Don Getty, Mtu wa Mafuta Aliyeiongoza Alberta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Don Getty alikuwa nani?

Donald Ross Getty alikuwa premia wa kumi na moja wa Alberta, jimbo la magharibi mwa Kanada, kuanzia tarehe 1 Novemba 1985 hadi 14 Desemba 1992. Premia ni mkuu wa serikali ya jimbo, si waziri mkuu wa nchi nzima. Getty alizaliwa Westmount, Quebec, tarehe 30 Agosti 1933, akasomea biashara katika Chuo Kikuu cha Western Ontario, kisha akahamia Edmonton, mji mkuu wa Alberta, mwaka 1955. Kabla ya siasa alikuwa mcheza futiboli, mtu wa mafuta na wakala wa uwekezaji. Alifariki Edmonton tarehe 26 Februari 2016 akiwa na miaka 82.

Neno moja kuhusu lugha: Kiswahili hutumia "jimbo" kwa Alberta nzima na pia kwa eneo analowakilisha mbunge. Hapa, "jimbo" ni Alberta, na eneo la mbunge tunaliita "kiti".

Ana undugu na akina Getty matajiri wa mafuta wa Marekani?

Hapana. Jina limegongana tu.

Premia wa jimbo anahusikaje na mafuta? Si mambo ya serikali kuu hayo?

Hapa ndipo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hukwama. Tanzania na Kenya, mafuta na madini yako mikononi mwa serikali kuu. Kanada ni kinyume: mali iliyo chini ya ardhi ya umma ni ya jimbo. Alberta ilipozaliwa mwaka 1905 haikupewa haki hiyo. Iliipata mwaka 1930, serikali kuu ilipoyakabidhi majimbo ya nyika ardhi na madini yao. Mwaka 1982 kikaongezwa kifungu cha 92A cha Katiba kukazia mamlaka ya majimbo juu ya maliasili zisizorudishika.

Kwa hiyo Alberta ndiyo inayokodisha vitalu, ndiyo inayopanga mrabaha (fungu la thamani ya mafuta analolipwa mwenye mali), na ndiyo inayopokea fedha. Serikali kuu ina kodi zake, ina usafirishaji nje ya nchi na biashara kati ya majimbo. Ugomvi wote wa Edmonton na Ottawa, makao ya serikali kuu, katika miaka ya 1970 na 1980 unakaa kwenye mpaka huo.

Alifanya kazi gani hasa kwenye mafuta?

Wengi humdhania mchimbaji au mhandisi, kumbe hakuwa hivyo. Alianza Imperial Oil mwaka 1955, miaka minane baada ya kampuni hiyo hiyo kufumua mafuta kwenye kisima cha Leduc Na. 1, kusini-magharibi mwa Edmonton, tarehe 13 Februari 1947. Mwaka 1961 akahamia Midwestern Industrial Gas akiwa meneja wa ardhi na mikataba. Mwaka 1964 akaanzisha kampuni yake, Baldonnel Oil and Gas, na mwaka 1967 akaingia ubia katika kampuni ya udalali wa hisa. Hiyo kazi ya ardhi na mikataba tuitazame kwa karibu, maana bila kuielewa humwelewi Getty.

Mtu wa ardhi hashiki keekee. Yeye hupata haki ya kuchimba kabla mashine haijaondoka gereji. Kwanza lazima ajue kusoma anwani ya ardhi. Anwani ya Leduc Na. 1 ni 05-22-050-26W4. Isome kuanzia nyuma: W4 ni magharibi ya meridiani ya nne, yaani mpaka wa Alberta na Saskatchewan, 26 ni safu ya ishirini na sita ukienda magharibi, 050 ni mraba wa hamsini ukihesabu kutoka mpaka wa Marekani. Kila mraba una maili sita kwa sita, umekatwa vipande 36 vya maili moja ya mraba, ekari 640 kila kimoja. Hapa ni kipande cha 22. Nacho kimegawanywa tena mara 16, ekari 40 kila kijisehemu, na kisima kiko kwenye cha 5. Ukikosea tarakimu moja umekodi shamba la mtu mwingine.

Hatua ya pili ni kujua nani mwenye mali ya chini. Takriban asilimia 81 ya haki za madini za Alberta ni za jimbo. Zinazobaki ni za serikali kuu, hasa kwa niaba ya jamii za wenyeji wa asili na kwenye hifadhi za taifa, au za watu na kampuni zilizorithi hati za zamani, kama Hudson's Bay na reli ya Canadian Pacific. Mkulima anayelima juu mara nyingi hamiliki chochote chini. Huyo hulipwa kwa usumbufu wa njia na eneo la kisima, lakini mafuta si yake.

Hatua ya tatu ni mnada. Kampuni huiomba serikali itangaze kitalu, serikali hukitangaza, na kila anayekitaka huleta dau lake kwa siri, enzi za Getty ndani ya bahasha iliyofungwa. Dau kubwa hushinda. Fedha hiyo hairudi hata kisima kikiwa kikavu. Juu yake kuna kodi ya mwaka ya dola 3.50 kwa hekta, na mafuta yakipatikana, mrabaha.

Hatua ya nne ndiyo iliyomlea Getty: kutafuta wabia. Kampuni ndogo kama Baldonnel haiwezi kubeba kisima kikavu peke yake. Huuza sehemu ya kitalu kwa mwingine ili huyo agharamie uchimbaji, yenyewe ibaki na sehemu yake. Hatari hugawanywa, na kila mkataba huandikwa kwa kudhani kwamba mwenzako naye anajua anachofanya. Dhana hiyo ya mwisho ilimponza baadaye.

Na futiboli?

Alichezea Edmonton Eskimos, timu inayoitwa Elks tangu 2021. Ni futiboli ya Kanada, ile ya mpira wa yai unaoshikwa mkononi. Getty alikuwa mpanga mashambulizi, anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi. Fainali ya Kombe la Grey ya mwaka 1956 kocha aligeuza kibao: akamwanzisha Getty nafasi hiyo na kumhamisha nyota Jackie Parker awe mkimbiaji. Edmonton iliifunga Montreal 50 kwa 27, Getty mwenyewe akivuka mstari mara mbili na mpira. Jina hilo lilimfaa sana alipokwenda kuomba kura Edmonton.

Aliingiaje kwenye siasa?

Kwa mlango mgumu. Mwaka 1967 chama cha Social Credit kilikuwa kimeitawala Alberta tangu 1935, na chama cha Progressive Conservative, yaani Wahafidhina, hakikuwa na mbunge hata mmoja aliyeshinda uchaguzi mkuu uliotangulia. Peter Lougheed, kiongozi mpya na mcheza futiboli wa zamani wa timu hiyo hiyo, alikuwa akisaka wagombea. Getty alichukua kiti cha Strathcona West na kumwangusha waziri wa elimu aliyekuwa madarakani. Wahafidhina walioshinda siku hiyo walikuwa sita tu kati ya wabunge 65.

Sita hao waligawana wizara za kukosoa na kuandika miswada yao wenyewe ili waonekane serikali inayosubiri. Tarehe 30 Agosti 1971, siku Getty anatimiza miaka 38, walishinda viti 49 kati ya 75.

Alishika wizara zipi?

Wizara ya Uhusiano na Serikali Kuu na Majimbo, 1971 hadi 1975, kisha Nishati na Maliasili, 1975 hadi 1979.

Syncrude ilikuwaje?

Ni mradi wa kuchimba mchanga wa lami kaskazini ya Fort McMurray. Desemba 1974, Atlantic Richfield, yenye asilimia 30, ilijitoa baada ya gharama kupaa. Waliobaki wakasema bila wa kujaza pengo hilo wanafunga. Februari 1975 wahusika walikutana Winnipeg. Serikali kuu ilichukua asilimia 15, Alberta 10 na Ontario 5, jumla 30, pengo likazibwa. Getty alikuwa kwenye timu ya Alberta. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1978.

Ukikitazama kwa jicho la mtu wa ardhi, huu ni mkataba wa kawaida kabisa wa kugawana hatari, ila mbia safari hii ni hazina ya umma. Na ulifaulu. Kufaulu huko kulimfundisha somo ambalo miaka ya 1980 lilikuwa ghali.

Kwa nini aliondoka 1979 halafu akarudi?

Alirudi kwenye biashara ya mafuta na kukaa kwenye bodi za kampuni. Lougheed alipotangaza kung'atuka mwaka 1985, wakubwa wa chama walimwona Getty kama mrithi asiye na mawaa. Mkutano wa Oktoba ulimpitisha duru ya pili dhidi ya Julian Koziak na Ron Ghitter. Desemba akapata kiti cha Edmonton-Whitemud kwa uchaguzi mdogo, na tarehe 8 Mei 1986 chama chake kikashinda viti 61 kati ya 83.

Ushindi ule uliwadanganya wengi. Wahafidhina walitoka na viti 75 kati ya 79 katika uchaguzi wa 1982, na NDP, chama cha mrengo wa kushoto, sasa ilikuwa na wabunge 16 bungeni.

Nini hasa kilitokea kwa bei ya mafuta mwaka 1986?

Mwishoni mwa 1985 pipa lilikuwa karibu dola 27 za Marekani. Saudi Arabia ilichoka kupunguza uzalishaji wake ili wengine wanufaike, ikafungua bomba. Katikati ya 1986 pipa lilikuwa kama dola 10.

Ubaya zaidi ni wakati wenyewe. Kwa zaidi ya miaka kumi Alberta ilipigania bei ya Kanada iachwe ifuate soko la dunia. Makubaliano ya Magharibi ya Machi 1985 yaliipa ombi hilo kuanzia Juni 1985. Miezi michache baadaye soko lenyewe likaporomoka.

Watu huuliza: bei ikishuka kwa asilimia 60, si mapato hushuka kwa asilimia 60? La. Chukua mfano huu wa hesabu tu, si takwimu halisi. Pipa la dola 27 kwa mrabaha wa asilimia 30 huleta dola 8.10. Mrabaha wa Alberta hupanda na kushuka pamoja na bei na wingi wa mafuta ya kisima. Basi bei ikiwa dola 10, kiwango kinaweza kuwa asilimia 20, nawe unapata dola 2. Bei imeshuka kwa asilimia 63, mrabaha umeshuka kwa 75. Halafu kampuni huacha kuleta bahasha kwenye mnada, na fedha ya madau hukauka. Halafu mafundi wa visima hupoteza kazi, kodi ya mishahara hupungua na maombi ya msaada huongezeka. Pigo ni moja, majeraha manne.

Bajeti ya 1986–87 ilikuwa na nakisi ya zaidi ya dola bilioni 3. Getty aliisukuma Ottawa iondoe kodi yake maalumu juu ya mapato ya mafuta na gesi, na iliondolewa Oktoba 1986. Pia alipunguza mrabaha na kutoa ruzuku ili keekee zisiondoke. Kwa mtu wa mafuta hiyo ni akili: visima vikizibwa na wataalamu wakitawanyika, kuwarudisha ni kazi ya miaka. Kwa mhasibu wa serikali ni kukata mapato wakati yameshakatika.

Si kulikuwa na mfuko wa akiba?

Ulikuwepo. Mfuko wa Urithi wa Alberta ulianzishwa mwaka 1976, ukipokea asilimia 30 ya mapato ya maliasili. Mwaka 1983, kabla ya Getty, sehemu hiyo ilipunguzwa hadi 15, na faida ya mfuko ilikuwa tayari inaelekezwa kwenye matumizi ya kawaida. Mwaka 1987 serikali ya Getty ilisimamisha kabisa kuweka. Mfuko ulisimama kwenye takriban dola bilioni 12.

Lawama yote humwendea yeye, na si haki. Mfuko ulitobolewa bei ikiwa bado nzuri. Yeye aliufunga kabisa mlango wa kuweka akiba uliokuwa tayari umefungwa nusu. Lakini ni kweli pia kwamba hakupandisha kodi ya kutosha wala kukata matumizi ya kutosha, akitumaini bei itarudi. Haikurudi wakati wake.

Kwa nini jina lake linaambatana na hasara za kampuni?

Kwa sababu ya dhamana. Getty alitaka uchumi usitegemee mafuta pekee, na njia aliyoijua ilikuwa ile ya Syncrude: serikali iingie ubia, au iiambie benki "mkopeshe, akishindwa nitalipa mimi".

NovAtel ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Ilikuwa kampuni ya simu za mkononi chini ya shirika la simu la jimbo, AGT. Ili kuuza mitambo yake, iliwakopesha wateja, hasa kampuni changa za simu za Marekani, fedha za kuinunulia mitambo hiyo hiyo. Vitabuni mauzo yalipendeza. Mteja akishindwa kulipa, muuzaji amepoteza mtambo na mkopo pamoja. AGT ilipobinafsishwa mwaka 1990 na kuwa Telus, makadirio ya faida ya NovAtel yaligunduliwa si ya kweli, serikali ikalazimika kuichukua tena. Walipakodi walipoteza zaidi ya dola milioni 500.

Kiwanda cha magnesiamu cha High River kilifunguliwa 1990 na kufungwa 1991, kikiwa na dhamana ya zaidi ya dola milioni 100. Kiwanda cha kusafisha mafuta mazito cha Lloydminster kilijengwa kwa ubia wa serikali tatu na Husky. Kinafanya kazi hadi leo, ila Alberta iliuza hisa zake kwa hasara. Viwanda vya malighafi ya karatasi, cha Daishowa huko Peace River na Alberta-Pacific karibu na Athabasca, vilizua mabishano makali juu ya klorini mitoni, lakini vilisimama na kuajiri.

Principal Group ni kisa tofauti. Hapo serikali haikuwa mbia, ilikuwa msimamizi aliyelala. Tarehe 30 Juni 1987 leseni za kampuni zake mbili za uwekezaji zilifutwa na maelfu ya watu wakakwama na akiba zao. Uchunguzi wa wakili Bill Code ulimkosoa waziri aliyehusika, Connie Osterman, naye akaondolewa kwenye baraza mwaka 1989. Kilichomuumiza Getty zaidi ni picha: alionekana akicheza gofu katika siku hizo za msukosuko.

Alishindwaje kiti chake na bado akabaki premia?

Aliitisha uchaguzi mapema, ukafanyika Machi 1989. Chama kilipata viti 59, lakini Edmonton-Whitemud ilimchagua Percy Wickman wa chama cha Liberal. Sheria haimlazimishi premia kuwa mbunge siku zote. Ni desturi tu kwamba apate kiti upesi. Hatua ni tatu: mbunge wa chama kwenye eneo salama hujiuzulu, uchaguzi mdogo huitishwa, kiongozi husimama pale. Kiti kilikuwa Stettler, mashambani, naye akashinda tarehe 9 Mei 1989. Alikitumikia hadi mwisho, ila Edmonton ilishamwambia neno lake.

Alitaka nini kwenye Seneti?

Maseneta wa Kanada huteuliwa. Alberta ilitaka wachaguliwe, majimbo yawe na idadi sawa, na Seneti iwe na nguvu za kweli. Oktoba 1989 Getty aliendesha uchaguzi wa kumpata mteule, wa kwanza Kanada. Stan Waters wa chama cha Reform alishinda, na Juni 1990 waziri mkuu wa Kanada, Brian Mulroney, akapendekeza ateuliwe, naye akateuliwa. Mageuzi makubwa zaidi yalikufa pamoja na makubaliano ya kurekebisha Katiba, ya Meech Lake mwaka 1990 na Charlottetown mwaka 1992.

Kazi gani yake imedumu?

Makazi ya Wametis, bila shaka. Wametis ni taifa lililotokana na wenyeji wa asili na wafanyabiashara wa manyoya wa Ulaya. Makazi yao manane ya Alberta yalikuwa na kesi ya miaka mingi dhidi ya serikali juu ya fedha za mafuta yaliyochimbwa chini yao. Makubaliano ya Julai 1989 na sheria za 1990 ziliwapa hati ya ekari milioni 1.25, serikali zao wenyewe, na dola milioni 310 kwa miaka 17. Kesi ikafungwa.

Mali ya chini ilibaki ya jimbo. Lakini mkataba wa usimamizi wa pamoja ulimaanisha kwamba kitalu kilicho kwenye makazi hakiuzwi kama vingine: Wametis hukaa mezani kabla ya mnada, na wanaweza kudai mrabaha wa nyongeza au sehemu ya ubia. Mkono wa mtu wa ardhi na mikataba unaonekana wazi hapo.

Ile sikukuu ya Februari ni yake?

Ndiyo. Siku ya Familia, Jumatatu ya tatu ya Februari, ilianza Alberta mwaka 1990. Waajiri walilalamika. Majimbo mengine yameiga baadaye, kwa hiyo Mswahili aliyeko Toronto naye hulala hadi saa nne siku hiyo.

Deni ni la Getty au la Klein?

Ralph Klein, aliyekuwa waziri wa Getty, alichukua uongozi Desemba 1992, akakata matumizi kwa kisu kikali na kuzungumza kana kwamba serikali iliyopita haikuwa yake. Deni lilijengwa miaka ya Getty, hilo halina ubishi. Ila bei ya mafuta ilichangia zaidi kuliko hasara zote za dhamana zikijumlishwa. Na Klein alikaa kwenye baraza lile lile tangu 1989.

Nikitaka kusoma maneno yake mwenyewe nianzie wapi?

Kwenye Hansard ya Bunge la Alberta. Inaanza Machi 1972, kwa hiyo miaka yake minne ya upinzani haimo. Ya wakati huo tafuta magazeti. Kwa mrabaha na Syncrude soma vikao vya 1975 hadi 1978, kipindi cha maswali. Kwa bajeti anza Juni 1986. Ukitafuta kwa jina la kiti, kumbuka kubadili: Strathcona West hadi 1971, Edmonton-Whitemud hadi 1979 na tena kuanzia Desemba 1985, Stettler kuanzia Mei 1989.